Mashine ya msasa ya mezani inatupa mkanda upande na kuunguza mbao, wajuzi naombeni msaada

Sinia_la_Mninga

Wakuu kwema? Naenda moja kwa moja kwenye mada. Nina mashine ya msasa ya mezani, ile yenye mkanda wa inchi 4 kwa 36 halafu pembeni ina sahani ya msasa inayozunguka, ya inchi 6. Ni used ya Marekani, ilishuka na kontena, naiendesha na transfoma. Kazi zangu ni vibao vya kukatia nyama, masinia na vistuli vya watoto, mbao ninayotumia sana ni mninga, paini napiga kwa zile oda za bei ya chini.

Mwanzoni ilikua inapiga kazi safi kabisa. Saiz imeanza vituko. Mkanda unakimbilia kulia mpaka unaanza kukwangua bodi, na ile skrubu ya kurekebishia nimeizungusha mpaka imegota na bado unakimbia tu. Alafu mbao inaungua, inatoka na michirizi myeusi hasa kule kwenye kichwa cha mbao ambako msumeno umekata. Na mota inachemka, ukipiga nayo kazi kidogo tu huwezi kuweka kiganja. Fundi umeme mmoja wa mtaani kaniambia mota ndo basi tena niitafutie nyingine, bei aliyonitajia nikaona nije huku kwanza. Picha hizo hapo chini, mashine yenyewe na kile kibati cha maelezo.

Grinda_Tu

Mkuu uza hiyo kitu kwa mtu mwingine umpe presha yeye. Chukua grinda ya inchi 4 na nusu, funga flapu disiki ya namba 80 maliza kazi ulale. Mimi vitanda vyote napiga na grinda na wateja wanalipa

mzee_randa

Grinda_Tu kitanda sawa, mguu wa kitanda haumpigii mtu kelele ukiwa na bonde. Kibao cha kukatia nyama ukikipiga grinda kinatoka na mawimbi, mteja anakiweka kwenye marumaru ya jikoni kinacheza. Hiyo mashine aliyonayo kijana ndo mahali pake.

Sasa kijana wangu, kabla hujagusa mota fanya hivi. Chomoa waya ukutani kabisa, sio kuzima swichi tu. Vuta ule mkono wa kulegeza mkanda, toa mkanda, alafu pitisha kidole kwenye rola zote mbili, ile inayosukumwa na mota na ile ya mbele isiyo na nguvu. Usiangalie kwa macho maana macho yanadanganya, pitisha kidole polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukimaliza niambie umekutana na nini, na niambie umeutumia huo mkanda kwenye paini au la.

Sinia_la_Mninga

Shikamoo mzee. Nimefanya. Rola ya nyuma iko safi. Ya mbele upande wa kulia kuna kitu kimeganda, cheusi kinang'aa, nilidhani ni rangi ya rola yenyewe kumbe ukikwangua na kucha kinatoka kama nta ngumu. Upana wake kama vidole viwili. Upande wa kushoto hakuna kitu. Na ndio, wiki iliyopita nilikua na oda ya paini, ile mbichi mbichi ya Mafinga, nilikua naisukumia upande wa kulia wa mkanda kwasababu ndo upande niliouzoea.

mzee_randa

Marahaba. Basi ugonjwa wako wa kwanza huo hapo. Utomvu wa paini umechanganyika na vumbi, umepata joto umepikwa ukawa gamba. Watu wengi wanafikiri mkanda unakimbilia upande wenye bonde, hapana, mkanda wa mashine siku zote unapanda kule ambako rola ni nene. Ndo maana ukiiangalia rola nzima vizuri utaona kiwandani wameifanya ina tumbo kidogo katikati, hilo tumbo ndo linaushika mkanda ukae katikati. Wewe sasa umepata tumbo la pili pembeni kulia, skrubu utazungusha mpaka kesho na haitashinda.

Kwangua hilo gamba na kipande cha mbao ngumu ulichokichonga ncha, usitumie patasi wala kisu utaumiza rola. Kilichobaki futa na kitambaa chenye spiriti au tapentaini kidogo, acha ikauke kabisa kabla hujawasha umeme. Na ukiwa umeifungua hapo hapo angalia lile bamba la chuma mkanda unapolalia, kama nalo lina gamba au limelika katikati weka rula juu yake uone mwanga unapita wapi.

Kurudisha: skrubu irudishe katikati ya safari yake, funga mkanda ukiangalia mshale ulioandikwa kwa ndani ufuate mzunguko wa mashine, alafu zungusha kwa mkono kwanza uone unaelekea wapi. Ukiwasha, washa zima, washa zima. Skrubu ni robo mzunguko tu kisha unasubiri, maana mkanda unachukua muda kuitikia. Watu wanazungusha mfululizo wanaona haujasogea, wanaongeza, ghafla mkanda umeruka wote.

Mkora_wa_Mbao

Nikiwa hapa Nairobi nimesoma hii na nimecheka, hiyo gamba ya resin tulikuwa nayo kwa workshop ya wazee wetu, cypress ndio ilikuwa inatuletea. Naongeza moja tu: usinunue mikanda mingi ukaiweka store. Ile mahali imeunganishwa huwa na tepu na gundi, ikikaa sana na unyevu gundi inazeeka, unaweka mkanda mpya kabisa kwa mashine, sekunde mbili, paa! imekatika imekuchapa mkono. Mombasa ni mbaya zaidi juu ya hewa ya bahari. Iweke mahali pakavu, itundike kwa kitu cha mviringo kama kipande cha bomba, usiikunje, usiitundike kwa msumari, ile alama ya msumari inabaki ikigonga mbao tak tak tak kila mzunguko.

Kapasta

Mimi nimeangalia picha ya kibati. Hapo ndo kwenye joto lako mkuu na huyo fundi wako nadhani hakusoma. Imeandikwa 120V, 60Hz, 1/2 HP, 3450 (hiyo ni mizunguko kwa dakika). Sisi huku ni volti 230 na hezi 50. Transfoma inakubadilishia volti peke yake, hezi haigusi, zinaingia 50 zinatoka 50.

Kwa mota ya aina hiyo (haina kaboni, sio kama ya drili) hezi ndo zinaamua kasi. Kwahiyo 3450 yako huku inakua kama 2850 hivi, moja ya sita imepotea. Hilo sio tatizo sana, msasa unakwenda taratibu kidogo. Tatizo ni kwamba mota iliyotengenezwa kwa 60 ukiipa 50 kwa volti zile zile chuma chake kinashiba sumaku kupita kiasi, inavuta umeme mwingi hata ikiwa haifanyi kazi, na umeme wa ziada unaishia kuwa joto. Feni yake nayo imepungua kasi kwahiyo hata kupoa haipoi vizuri.

Dawa yake sio mota mpya. Hesabu ni nyepesi, 120 gawa kwa 60 unapata 2, zidisha na 50 unapata 100. Hiyo mota ikiwa kwenye hezi 50 inataka volti 100. Angalia transfoma yako nyuma, zingine zina matundu mawili matatu, 100, 110, 120. Kama ipo 100 hamia hapo. Kama haipo tafuta transfoma za vitu vya Japan, Japan nyumbani kwao ni volti 100. Nguvu itapungua kidogo, ukikandamiza sana itazimia, sasa hapo usikandamize.

Na hiyo transfoma ni ya wati ngapi? Nusu HP wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Ya wati 500 usijaribu. Kuanzia 1500 ndo utalala usingizi. Na ekstensheni unatumia waya gani?

Sinia_la_Mninga

Daah mkuu umetisha. Transfoma imeandikwa 2000VA, ina matundu mawili, 110 na 100, mimi nilichomeka 110 kwasababu ndo iko karibu na 120. Ekstensheni ni ile ya kawaida ya dukani nyeupe nyembamba, inatoka sebuleni mpaka uani.

Kapasta

Hiyo ekstensheni itoe. Ile ni ya kuchajia simu na redio. Vuta waya wa 2.5 (milimita za mraba, ule mnene) moja kwa moja mpaka kwenye soketi ya uani. Ukishika waya katikati ya kazi ukakuta una vuguvugu ujue volti zinafia njiani, mota inafika kwake ina njaa inavuta zaidi.

Mama_Vibao

Kaka habari. Mimi nami natengeneza vibao, mninga na mkongo, niongee la kuungua maana hawa wamekimbilia kwenye umeme.

Mbao ikiungua kwenye msasa uliza mambo haya haya tu: msasa umeziba, msasa ni laini mno kwa kazi hiyo, au mkono wako unakandamiza. Mara nyingi ni yote kwa pamoja. Kichwa cha mbao ndo kinaungua haraka kwasababu nyuzi zimesimama, ni pagumu, mtu anaona hapaliki anasukuma kwa kifua. Msasa uliokwisha ukiusukuma haukati, unasugua, na kusugua ni moto. Namba 80 kwa kutoa alama za msumeno (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi), 120 baada yake, na kichwa cha mbao mimi sipiti 120 kwenye mashine, kilichobaki namalizia kwa mkono na kibao cha kufungia msasa. Ukiweka 220 kwenye mashine ya mkanda alafu ukaleta mninga unatafuta ugomvi.

Msasa kuziba, usitupe. Tafuta soli ya raba ile ya zamani rangi ya maziwa ya chai, laini yenye kunata, ya krepu, mafundi viatu wanazo za kukatakata. Washa mashine, gusisha hiyo soli kwenye mkanda unaozunguka, utaona inameza ule unga wote na mkanda unarudi na rangi yake. Sio soli ngumu nyeusi ya tairi hiyo itakuletea moshi. Kwenye dukani wanauza kijiti maalum cha kazi hiyo na ukikiangalia ni raba ile ile. Ila soli inatoa vumbi lililonasa, chembe zenyewe zikishakua butu haizinoi, hapo badilisha tu mkanda usiuonee huruma.

Kingine, mbao isisimame sehemu moja. Isogeze muda wote hata kama unasogeza kidogo. Ukisimama sekunde tatu tayari una mchirizi na huo mchirizi umeingia ndani, kuutoa unapunguza kibao.

Grinda_Tu

Haya nimekubali kidogo 😂 swali, mimi nikipata hiyo mashine naweza kunolea patasi na visu kwenye huo mkanda?

mzee_randa

Inawezekana lakini sikushauri kwenye mashine unayopigia mbao. Cheche zinaingia kwenye tumbo la mashine ambako kuna unga mkavu wa mbao, zinakaa humo zinafukuta, wewe umefunga banda umekwenda nyumbani. Anayetaka kunoa lazima kwanza asafishe vumbi lote, aondoe na ule mfuko au bomba la vumbi, na aweke mkanda mwingine. Watu hawafanyi. Nunua jiwe.

MwanaUnguja_Chuma

Assalam alaykum. Mie nipo Unguja, kazi zangu masanduku na vitasa vya milango, msaji na mvule. Hebu niseme la mbao zenyewe. Msaji una mafuta na una mchanga wa asili ndani yake, unakula msasa na unakula kisu cha randa vilevile, usishangae mkanda mpya umekufa kabla ya Alasiri. Mvule nao una vijiwe, kuna wakati unapasua ubao unakuta jiwe jeupe limelala ndani, likipita kwenye mkanda linachana njia nzima. Ukisikia mlio umebadilika vuta mbao haraka.

Lakini kubwa ni vumbi ndugu zangu. Vumbi la mvule linawasha ngozi na linafunga kifua, nina mwenzangu ameacha kazi ya mvule kabisa, akilivuta tu anakohoa usiku kucha. Vumbi la mbao kwa jumla, IARC, wale wa utafiti wa saratani walio chini ya WHO, wameliweka kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, ni saratani ya pua hasa. Kufunga kanga au leso puani ni kujifariji, unga unaotoka kwenye msasa ni mwembamba unapita. Tafuta barakoa ya N95 au FFP2, na ile yenye vichujio vya kubadilisha ni bora zaidi kwa mtu wa kila siku. Mashine nyingi hizi zina tundu la vumbi la inchi 2 na nusu, unganisha mashine ya kufyonza, na katikati weka ndoo yenye mfuniko ili maranda na unga uangukie kwenye ndoo, la sivyo kichujio kinaziba saa ile ile.

Sinia_la_Mninga

Waalaykum salaam. Nashukuru, mimi nilikua nafunga fulana 😅

Swali lingine wakuu, kwenye sahani. Nikipiga pembe ya kibao haitoki skwea, na mara nyingine kipande kidogo kinanirukia usoni. Iko je hii?

Mama_Vibao

Kipande kinaruka kwasababu unatumia upande mbaya wa sahani. Ukisimama mbele yake nyingi zinazunguka kinyume na mshale wa saa, kwahiyo upande wako wa kushoto msasa unashuka chini, unaibana mbao kwenye meza. Upande wa kulia unapanda juu, unainyanyua mbao unakutupia. Nusu ya kulia hesabu haipo. Zungusha yako kwa mkono uhakikishe kwanza.

Na usivae glovu hapo. Najua unaona ni usalama ila kitambaa kikinaswa kati ya sahani na meza kinavuta kidole pamoja nacho. Mikono mirefu ya shati kunja, kanga wenzangu tufunge kiunoni vizuri, nywele pia. Kipande kidogo kuliko kiganja usikishike kwa vidole, kifunge kwenye kibao kikubwa.

Kapasta

Kwenye sahani kuna kitu watu hawakijui. Kasi hailingani. Kwa mizunguko yake ya 2850 pale ukingoni msasa unapita kama mita 22 kwa sekunde, ukija nusu ya kwenda katikati ni 11, na pale kitovuni haiendi popote. Ndo maana mbao pana ukiibandika uso mzima inaungua upande mmoja na mwingine haujaguswa. Sahani ni ya vichwa na pembe, uso mpana peleka kwenye mkanda.

mzee_randa

La skwea. Chomoa umeme, weka skwea ya chuma juu ya meza, mgongo wake uguse sahani, angalia mwanga. Ule mshale wa digrii uliobandikwa kwenye meza usiuamini, legeza boliti, nyanyua meza mpaka mwanga upotee, kaza, alafu sogeza mshale wenyewe usome sifuri. Nafasi kati ya meza na sahani isizidi milimita moja na nusu, ikiwa kubwa kipande chembamba kinamezwa. Alafu pima na ile geji inayoteleza kwenye mfereji wa meza, mara nyingi meza iko sawa ila geji ndo imepinda. Kipimo cha uhakika: piga pembe za vipande viwili, vibandike kichwa kwa kichwa juu ya kitu kilichonyooka, kimoja ukigeuze tumbo juu. Kukiwa na kosa utaliona mara mbili yake.

Dogo_Workshop

Samahani kudandia uzi. Yangu mimi nikiwasha inanguruma tu mmmmm haizunguki, nikiisukuma sahani kwa mkono inaondoka. Mota imeungua?

Kapasta

Acha kuisukuma kwa mkono ikiwa na umeme, utakuja kuhesabu vidole. Hiyo ni kapasita, kile kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanza, asilimia kubwa. Ikinguruma muda mrefu bila kuzunguka ndo hapo kweli itaungua. Chomoa, fungua kile kikopo cha mgongoni mwa mota au boksi la swichi, utaona kapasita, ina maandishi ya uF (kipimo cha ukubwa wake) na volti. Usiishike miguu yake bado inaweza kuwa na chaji, iunganishe kwanza na taa ya balbu au rizista iishe. Alafu nenda na yenyewe dukani ununue yenye uF zile zile, volti sawa au zaidi. Ukibadilisha na bado, angalia kama sahani inazunguka laini kwa mkono umeme ukiwa umechomolewa, ikikwama au kukwaruza ni beringi.

Sinia_la_Mninga

Wakuu mrejesho. Gamba nimelitoa lote kwa kipande cha mkongo na tapentaini, mkanda umekaa katikati skrubu ikiwa nusu ya safari, haujasogea tena. Nimehamia tundu la 100, nimevuta waya wa 2.5. Mota bado inapata joto ila kiganja kinakaa hata nikipiga kazi ya kutwa. Nguvu imepungua kweli kama alivyosema Kapasta, ukikandamiza inalia. Mkanda mpya namba 80 na soli nimepata kwa fundi viatu, kanipa bure akanishangaa. Vibao vya mninga vimetoka bila mchirizi hata mmoja. Meza ilikua imelala kama digrii mbili.

Kilichobaki: msasa wa kwenye sahani ni wa kubandika na gundi, wa zamani umegoma kutoka, unatoka vipande vipande.

Mama_Vibao

Washa mashine dakika chache usugue mbao chakavu ipate joto, chomoa, alafu uubandue taratibu kuanzia ukingoni. Ukigoma tumia drai ya nywele. Gundi inayobaki futa na tapentaini, sahani ikauke kabisa ndo ubandike mpya, ukibandika kwenye mabaki unapata kinundu kitakachochora kila kibao.

Grinda_Tu

Hiyo mashine ukitaka kuuza nitafute inbox

Sinia_la_Mninga

Siuzi tena mkuu 😂